Siala Alizopanda Mama

Nilipokuwa mtoto kule Karungu, mwanamke hakupanda mti bomani. Akipanda, mume wake atakufa. Hilo tulilijua kama tulivyojua kwamba moto huchoma, na hakuna aliyeuliza sababu.

Lakini upepo wa ziwani ulikuwa umeng'oa tena mabati ya jiko letu. Baba alikuwa kule Osiri akichimba dhahabu, na kila alipokuja nyumbani alisahau kutupandia miti ya kuzuia upepo. Mama alitunza miche ya siala kwenye mikebe hadi mizizi ikatokeza chini. Mvua zilipoanza, akachimba mashimo upande wa ziwa, akaipanda mwenyewe mchana kweupe. Siala haihitaji kubembelezwa. Ikishashika, jua la Januari haliiwezi, na ukiikata inachipua.

Miche ilikuwa bado na majani machache habari ilipofika: shimo limeporomoka Osiri, na baba alikuwa ndani.

Boma likajaa watu. Baba mdogo akaja na jembe kuing'oa ile miche.

"Shemeji, umemuua ndugu yangu," alisema.

Mama alikuwa ameketi chini, amenikumbatia kwa nguvu hadi nikaumia.

Ndipo Dani, mama yake baba, akatoka nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyetufundisha mwiko ule. Alipita katikati ya watu, akapiga magoti matopeni, akaanza kushindilia udongo kwenye ile miche kwa viganja vyake, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa nimeipanda mimi," akasema. "Kama inataka mtu, inichukue mimi badala ya mwanangu. Wewe, weka hilo jembe chini."

Baba mdogo akaliweka.

Kesho yake baba aliletwa kwa pikipiki, mguu umevunjika, vumbi la mgodi bado liko kwenye nyusi. Wenzake walikuwa wamemfukua wakiwa wameshakata tamaa. Hakurudi Osiri tena. Dani naye aliishi, akazeeka, akawaona hata wanangu.

Siku hizi nina kiwanja changu Rodi Kopany. Natoka asubuhi, narudi jioni, kwa hiyo natafuta miti isiyodai maji wala kupogolewa kila mara: siala upande wa upepo, mwarobaini mlangoni, mnyaa kwa ua. Mwanamke anayeuza miche aliniuliza, nusu utani, "Na mume wako amekubali upande?"

"Amekubali," nikamwambia. "Yeye ndiye anayechimba mashimo."

Ndugu zangu husema Dani hakuwa anauamini ule mwiko, alitumia akili tu kuwatuliza watu. Mimi sikubali. Nilikuwa karibu, niliona mikono yake ikitetemeka kwenye udongo. Aliamini kila neno. Alijua anakwenda kufa, akaona heri afe kuliko mama yangu aitwe muuaji. Hadi leo sijapata neno la shukrani linalomtosha.