Taa Isiyokula Umeme

Mtaa mzima unamwita Mama Upindo, kwa sababu nguo akiipinda yeye, hata ukiigeuza ndani nje huoni uzi ulikopita. Miaka thelathini ameshona katika chumba kile kile, dirisha likitazamana na ukuta wa jirani, na taa ya mezani ndiyo jua lake.

Siku ile umeme ulikatika saa nane mchana, na wingu la mvua limefunga. Mapajani alikuwa na joho la uwakili la binti yake kitinda mimba, ambaye gari lake lilikuwa linaondoka saa kumi na moja. Kesho yake asubuhi anaapishwa. Joho lilikuwa refu, linaburuzika sakafuni. Uzi mweusi, kitambaa cheusi, na macho ya Mama Upindo siku hizi yanataka kubembelezwa.

"Usihangaike, mke wangu, betri ninayo," akasema mumewe, akaleta ile betri yake ya kubebeka yenye soketi, ambayo huisifu kwa kila mgeni. Akachomeka taa. Chumba kikang'aa. Baada ya dakika kumi, giza.

Akabonyeza tena. Dakika kumi, giza.

"Baba, betri yako ina usingizi," binti akacheka, lakini jicho liko kwenye saa.

Mzee akaona haya. "Labda inataka kazi ya kiume," akasema, akachomeka pasi. Betri ikapiga ukelele, ikazima papo hapo.

"Toa hilo lipasi!" Mama Upindo akaiwasha betri upya, akaikazia macho kama mwanafunzi mvivu wa cherehani. "Taa hii ndogo haili kitu. Betri inadhani hatuna kazi nayo, inajilalia. Pasi nayo ni mlafi, inaishinda nguvu. Leteni ile feni ya mezani."

Feni ikachomekwa pamoja na taa. Dakika kumi zikapita, ishirini, mwanga umetulia. Ila upepo ukawa unachezea uzi.

"Igeuzie kwako," akamwambia mumewe.

"Na baridi hii?"

"Kwani betri ya nani?"

Mzee akakaa mbele ya feni, kajifunika shuka hadi kidevuni.

Saa kumi na nusu Mama Upindo akakata uzi kwa meno. Binti akavaa, akazunguka mara moja. Upindo ukagusa viatu, sakafu haukuigusa.

"Wakili," mama akamwita.

"Usiniite hivyo, Mama, nitalia."

"Lia upesi basi, gari halikungoji."