Fundi Cherehani Chini ya Landrova

Mwanamkasi binti Mwinyijuma alikuwa fundi cherehani, na kila mwanamke wa Raskazone aliyewahi kuvaa dera lake atakwambia kwamba mshono wake haufumuki. Magari hakuyajua. Aliyeyajua ni mumewe, Idarusi. Miaka ishirini na miwili Idarusi aliendesha Landrova yake kuukuu kati ya Tanga na Mkwaja, akibeba walimu, wagonjwa, magodoro na mbuzi wa harusi. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na ulimi ukawa mzito, neno moja likimtoka kwa jasho.

Gari lilikaa kibandani miezi minne. Mwezi wa tano Mwanamkasi alikwenda kujifunza udereva, akapata leseni, akarudi nyumbani akaliwasha. Wiki ya kwanza majirani walicheka. Wiki ya pili wakaanza kumwomba lifti.

Idarusi peke yake ndiye aliyekataa kupanda. Watu wa Mkwaja walimzoea akiruka kutoka kwenye usukani. Hakutaka wamwone akishushwa kama gunia. Akabaki barazani, analisikiliza gari likiondoka, analisikiliza likirudi.

Jumamosi moja, masika yakiwa yanaishia, Mwanamkasi aliegesha gari, akaona mumewe amenyoosha mkono wa kushoto kuelekea chini ya gari. Mchangani, chini ya ekseli ya nyuma, palikuwa na doa jeusi la oili. Akainama kutazama. Mfuniko wa difu, lile bati zito la mviringo linaloziba tumbo la ekseli lenye gia za kuzungusha magurudumu, ulikuwa umeliwa na kutu. Maji ya chumvi ya pale kivukoni Pangani yaliutafuna kidogo kidogo, na sasa ukiugusa, kidole kilitaka kupenya.

Fundi Sele, aliyekuwa na gereji mtaa wa pili, alikuja, akachungulia, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakikanda na kuzibia tundu.

"Tayari, shemeji. Ukipata nafasi ulete gereji, nitauchomelea."

"Sabuni, Sele? Mteja akiniletea gauni limechanika, mimi hulipaka sabuni?"

Sele akacheka. "Mafundi wote tunafanya hivyo, shemeji. Itakufikisha."

Lakini Mwanamkasi alikuwa ameahidi kwamba Alhamisi ijayo atamhamisha mwalimu Dorkasi, pamoja na vyombo vyake vyote, kwenda Mkwaja. Safari ile haikutaka sabuni. Sele alipoondoka, Idarusi akahangaika na ulimi wake mpaka neno likatoka.

"Hapa."

"Hapa nini, Baba Tausi?"

"Tufungue hapa."

"Nani afungue?"

Idarusi akamnyooshea kidevu.

Mwanamkasi akaingia ndani kwanza, akasali alasiri, akawaza. Alipotoka alikuwa ameshakata shauri. Jumapili alizunguka Ngamiani kwenye maduka ya vipuri vya mitumba mpaka akapata mfuniko mzima, uliotolewa kwenye Landrova iliyochinjwa. Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio oili isivuje, haikuwepo. Muuzaji akampa karatasi ngumu ya kutengenezea, akamwambia atafute mtu anayejua kuikata.

Jumatatu asubuhi alivaa suruali ya mumewe, akafunga kilemba, akayazuia magurudumu kwa mawe. Kiti cha Idarusi akakiweka nyuma ya gari, pembeni mwake bakuli la chaki za kushonea na kipande cha ubao. Maneno yakigoma, Idarusi alikuwa akichora ubaoni kwa mkono wa kushoto, michoro iliyopinda lakini inayosomeka.

"Bismillahi," Mwanamkasi akasema, akaingia chini.

Boliti zilikuwa kumi. Alikuwa amezilowesha dizeli tangu jana yake. Nane zililegea bila ugomvi, ya tisa ikalia kama paka. Ya kumi ikakataa kabisa. Alivuta spana kwa nguvu zote, spana ikateleza, akachunika vidole viwili. Akalala chali pale chini, mchanga mgongoni, akinyonya damu na kusikia jirani mmoja akiuliza kwa nini asimwite mwanamume. Alichukua nyundo, akaigonga boliti kichwani taratibu, akaimwagia dizeli tena, akatoka kwenda kukoroga uji wa Idarusi. Waliunywa wote wawili bila haraka. Aliporudi na kushika spana, boliti ilizunguka.

Akapenyeza bisibisi ukingoni, akabandua mfuniko. Oili ilimwagika kwenye beseni ikiwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Maji," Idarusi akasema.

Maji yameingia, basi na chuma kimeumia? Hilo ndilo swali walilokuwa nalo wote wawili. Mwanamkasi akachukua sumaku yake ya kuokotea pini, akaipitisha ndani ya tumbo la ekseli, akaitoa imejaa tope jeusi la chuma. Akampelekea mumewe. Idarusi akalichota kwa kidole gumba na cha shahada, akalisugua akiwa amefumba macho.

"Unga au mchele?" Mwanamkasi akamuuliza, maana siku nyingi alimsikia akiwaambia madereva wenzake kwamba unga ni uzee wa kawaida, ila mchele ni meno ya gia yanayokatika.

"Unga," Idarusi akasema. Neno lilitoka zima, bila kukwama. Mwanamkasi akageuza uso akajifanya anatafuta kitambaa.

Alisafisha mle ndani kwa dizeli mara mbili, akakwangua ukingo mpaka chuma kikang'aa. Ikafika zamu ya gasketi. Idarusi akachora nyundo: karatasi iwekwe juu ya mfuniko, igongwe ukingoni mpaka ijikate. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote.

"Ukingo umepinda kidogo pale walipoung'oa," Mwanamkasi akasema. "Nyundo itaichana karatasi. Niachie mimi."

Idarusi akatikisa kichwa kwa hasira, akatupa chaki. Mkewe akaiokota, akaipaka kwenye ukingo wote wa mfuniko, akaukandamiza juu ya karatasi. Alipouinua, umbo likabaki pale kamili, matundu yote kumi, na kupinda kwake. Akalikata kwa mkasi wa kitenge, matundu akayatoboa kwa patasi ndogo. Akaliweka kwenye ekseli. Likakaa kama kola ya kanzu.

Idarusi aliinama kulitazama. Halafu akanyanyua mkono wa kushoto na kumpigia saluti.

Mfuniko akaupachika juu yake, na boliti akazikaza kwa mkingamo, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, kidogo kidogo, kama anayeshikiza nguo kwa bandi kabla ya kushona, ili kitambaa kisikimbilie upande mmoja. Akajaza oili mpya kwa mpira mwembamba mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, akaziba. Adhana ya adhuhuri ilimkuta ananawa mikono kwa majivu.

Siku mbili gari lilikaa juu ya gazeti, na gazeti likabaki kavu. Sele alipita, akaingia chini na tochi, akatoka akijifuta magoti.

"Hii gasketi umeinunua wapi, shemeji?"

Alipoambiwa, aliingia tena chini kuitazama. Jioni ile alirudi na mfuniko wa gari la mteja wake na karatasi mpya, akaomba kwa adabu akatiwe na yeye.

Alhamisi alfajiri, vyombo vya mwalimu Dorkasi vikiwa vimeshafungwa nyuma, Idarusi alijikongoja kwa fimbo mpaka mlango wa abiria, akasimama.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kusikiliza difu."

Mwanamkasi na Dorkasi wakampandisha, mmoja huku na mmoja huku. Njia nzima mpaka Pangani aliinamisha kichwa akisikiliza nyuma, na kila penye shimo mguu wake mzima ulikanyaga sakafu kutafuta breki.

"Tulia, Baba Tausi," Mwanamkasi akasema. "Dereva ni mimi."