Kilio cha Askari wa Televisheni

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Hapa ugenini Whitehall ninamtunza Mzee Walter, askari wa zamani. Juzi nilimkuta mbele ya televisheni, machozi yanamtoka. Mle kwenye televisheni wafungwa walitolewa gerezani, wakapewa bunduki na kutumwa vitani, wakawa wanakufa mmoja mmoja.

"Hawa vijana nawajua wote," akaniambia. "Wamekwisha."

Bon, kwetu Kivu nimeona wafungwa wakipewa bunduki kweli, sasa nishangae nini? Nikaamini ni wenzake waliokufa. Na kwetu mwenye kilio haachwi peke yake. Nikawapigia simu wamama wa kwaya.

Jumamosi tukajaa sebuleni kwake na vitenge vyetu, sufuria za sombe ya majani ya muhogo na ugali wa fufu, tumekaa chini kwenye zulia, tunaimba nyimbo za msiba. Mzee alikula, akaomba tena. Aliyelia kuliko wote ni mimi.

Mara binti yake akaingia. "Jamani, nani amekufa?"

Kwa heshima zote nikanyoosha kidole kwenye televisheni, vita vikiendelea.

"Baba! Ile filamu tena?"

"Ile ni ya kwanza," mzee akajitetea. "Hii ni sehemu ya pili."

Wamama wote wa kwaya wakanigeukia. Nikajifunika kitenge uso mzima. Nikasikia mkono wa mzee begani. Mzee ambaye alikuwa hajapata mgeni tangu mkewe afariki.

"Jumamosi ijayo wanaonyesha sehemu ya tatu," akaninong'oneza. "Mle wanakufa wengi zaidi. Mtakuja?"