Nilimtetea kwa polisi mtani wangu aliyemgonga mke wangu, kisha tukaonana mahakamani

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni mzee wa Lizaboni, Songea. Haya yamenipata mwenyewe na siongezi chumvi.

Laiti siku ile ningekataa jambo moja tu: kwenda polisi kusema mke wangu aliingia barabarani ghafla.

Hakuingia. Alikuwa pembeni kabisa na kapu lake la dagaa, tunatoka sokoni. Pikapu ikaja kutoka upande wa Namtumbo, ikaacha lami, ikamzoa na kumvunja mguu. Mimi nilikuwa nyuma yake, niliona kila kitu.

Dereva ni Myao wa Nakapanya, mnunuzi wa korosho. Sasa wasio wa huku nisikilizeni: Mngoni na Myao ni watani. Mtani anakuja msibani kwako anakutukana, na wewe unacheka. Kumburuza mahakamani, kwa sisi wa zamani, ilikuwa aibu.

Akaja hospitali na wazee wawili, kuku mkononi.

"Wangoni nyie! Si mlikunywa dawa risasi za Mjerumani zigeuke maji? Mbona gari yangu haikugeuka?"

Wodi nzima ikacheka. Nikamjibu, "Dawa ilipitia kwenu, mkaimalizia njiani."

Ndipo akashusha sauti. "Mzee wangu, gari imeshikiliwa na mimi nitafungwa. Niokoe. Mguu wa mama nitautibu mwenyewe."

Nikaenda. Nikasema uongo.

Mke wangu alipojua, hakupiga kelele. Alisema hivi:

"Baba wa babu yangu, Mjerumani alimwuliza kama alikuwa vitani. Angesema hapana, angerudi nyumbani. Akasema ndiyo, wakamnyonga. Wewe nani alikushikia kamba?"

 

Mtani alitibu kweli, mpaka korosho zikamwendea vibaya. Mguu nao ukaanza kuharibika, ukahitaji upasuaji nje ya mkoa. Tukaenda kwa watu wa bima ya ile pikapu. Wakatuambia, mumewe mwenyewe ameshasema kosa ni la mama.

Basi tukamfungulia kesi mtani na bima yake! Wakili wetu binti mdogo tu, lakini moto. Kesi ikapigwa kalenda mpaka nikazoea benchi la pale nje.

Siku yangu ikafika. Wakili wa upande wa pili akaniuliza, "Mzee, ulidanganya polisi au unadanganya sasa?"

"Nilidanganya polisi."

Watu wakaguna. Nikajua tumekwisha, nani ataniamini tena?

Kisha akasimamishwa mtani wangu, ajitetee. Akaniangalia, akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, huyu Mngoni hata kudanganya hajui, nilimfundisha mimi. Mama alikuwa pembeni. Mimi nilikuwa naangalia simu."

Wakuu, mlipaswa kuwepo! Wakili wake alibaki mdomo wazi. Mimi na uzee huu niliruka nikapiga kigelegele kama mwanamke, karani akanikalisha kwa nguvu. Tulipotoka nje mtani akanidaka shingoni, "Mngoni, leo nimekunywa dawa yenu!" Tulicheka mpaka machozi.

Na hukumu tukashinda. Tukashinda, wakuu!

Ninachowaambia ni hiki: ajali ikitokea, mwambie trafiki ulichokiona, siku hiyohiyo, hata dereva awe mtani, shemeji au mwanao. Kumsamehe mtu unaweza baada ya hapo. Nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Andikeni hapa chini, hata kunisema nisemeni.

Maana sijawaambia yote. Hukumu ilitoka mguu umeshakatwa, juu ya goti. Daktari alisema ungewahiwa ungepona.

Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji, mke wangu alikuwa anacheza lizombe, ngoma yetu Wangoni, mbele ya kaburi lao la pamoja. Siku hizi namsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka geti la makaburi. Hapo ananiambia nisubiri nje, na anaingia bila mimi.