Mama mkwe wangu alivyosingiziwa kutia utupa ziwani, na yaliyotokea siku ya kusaini suluhu na kampuni

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hii si chai. Anayeona natunga aje Mingoyo njia panda aulizie muuza samaki mwenye mdomo, ataletwa mpaka kwangu. Nitamkaangia kambare tubishane huku anakula.

Kabla sijaanza, kuna karatasi nimesaini inayonikataza kusema maneno fulani. Kwa hiyo kampuni siitaji, na kuna mahali nitazunguka kidogo. Nyie ni watu wazima, mtanielewa.

Haya.

Mimi nauza samaki wa maji baridi. Nachukua perege na kambare ziwani, upande wa Rutamba, nashuka nao Mingoyo, nakaanga, nauza kwa abiria. Najua mtasema Lindi yote ni bahari, kambare wa nini? Kambare wa ziwani akikaangwa na mtu anayejua, mtu wa Lindi mjini anapanda gari kumfuata.

Ziwa lile limenilisha, na mke limenipa. Zuhura nilimkuta pale pale ufukweni anamsaidia mama yake kupara samaki.

Mama yake ndiye habari ya uzi huu. Anaitwa Bi Somoe. Mjane, Mmwera wa kweli, mcheshi, ulimi wake hauna kufuli. Mimi kama mkwe namheshimu kwa mbali: shikamoo mama, macho chini, basi. Yeye ananiita baba, na akiona nimekonda anamgombeza binti yake, hanigombezi mimi.

Sasa ziwa likaanza kubadilika.

Maji yakawa kijani. Si kijani cha kawaida, kijani kizito kama mlenda. Watu wakasema ni msimu tu, utapita. Mvua zikaisha, kijani kikabaki. Mtu akioga anawashwa. Harufu ikaja.

Halafu asubuhi moja nimefika kuchukua mzigo, nakuta kina mama wamesimama ufukweni wamejishika vichwa. Samaki wamejaa juu ya maji, matumbo juu, wakubwa kwa wadogo. Waliokuwa hai bado wametoa midomo nje wanahema.

Nilikaa chini kwenye matope nikalia, sioni aibu kusema. Ule ndio mtaji wangu wote, na wale kina mama ndio watu wangu.

Huku kwetu samaki wakifa kwa wingi, neno la kwanza mdomoni ni utupa.

(Kuna mdau kaniuliza pembeni utupa ndiyo nini. Ni majani ya mti wa mtupa. Ukiyatwanga ukayatia kwenye maji, samaki wanalewa na kufa. Zamani watu walivua hivyo kwenye madimbwi, siku hizi ni marufuku. Ila mti wenyewe upo majumbani, watu wanautumia kuua chawa wa kuku na kupe wa mbuzi.)

Na pale kijijini, mtu ambaye mitupa imezunguka nyumba yake kama ua, aliipanda marehemu mumewe, ni nani?

Bi Somoe.

Hakuna aliyemshitaki. Bora wangemshitaki, angewajibu. Yakawa maneno ya chini kwa chini. Akipita watu wananyamaza, akishapita wanaendelea.

Kisha ukatokea msiba jirani. Mama mkwe akaenda kama kawaida yake, kajifunga khanga, anaelekea jikoni, maana shughuli zote za pale mpishi ni yeye. Bi Hadija, kiongozi wa kina mama, akamzuia mlangoni kwa upole kabisa.

"Dada, leo pumzika. Kaa mkekani."

Wakuu, mnaelewa mtu kuambiwa asiguse sufuria ya msiba? Maana yake wanaogopa utawalisha kitu!

Zuhura alikuwepo. Anasema mama yake alikaa mkekani mpaka mazishi yakaisha, hakula, hakunywa, hakusema. Tangu siku hiyo ule ulimi ukakatika. Shughuli haendi, mtoni anakwenda wenzake wakishatoka. Mke wangu akawa analia kila akitoka kumwona. Ananiambia, mama yangu atazikwa na jina la muuaji, na wajukuu watalirithi.

Basi ndiyo ilikuwa hiyo. Mimi biashara imekufa, lakini kilichokuwa kinaninyima usingizi ni hilo jina.

Sasa twende juu kidogo. Kwenye mto unaoingia ziwani kuna shamba kubwa la kampuni. Kuku wengi ajabu, na mboga za kusafirisha. Kinyesi cha kuku kinakusanywa kwenye bwawa la udongo kinageuzwa mbolea. Mimi sisemi kitu hapo, naeleza jiografia tu.

Nikamtafuta wakili, mama mmoja wa Lindi, mkali kama pilipili. Akaleta wataalamu wakachota maji mtoni na ziwani. Majibu yakaja kwamba maji yamezidiwa na mbolea.

Mtaalamu akatueleza kwa lugha nyepesi. Mbolea inayonenepesha mahindi inanenepesha na vijimea vya majini. Vikijaa kupita kiasi vinakufa, vikioza vinamaliza hewa iliyomo kwenye maji, samaki anakosa pumzi. Dalili ya utupa hakuiona kabisa.

Nikasema alhamdulillah, mama kapona.

Wapi! Kijiji kikanigeuzia kibao. Wataalamu hao wameletwa na wakili, na wakili kaletwa na nani? Na mkwe wake Bi Somoe. Ikawa eti nimenunua majibu kumkingia mama wa mke wangu. Nilitamani kupigana na mtu.

Kesi ikafunguliwa hivyo hivyo, maana kampuni yenye hela kila mtu anapenda kuishitaki, hata kama moyoni anaamini ni utupa. Binadamu ndivyo tulivyo.

Haikufika mbali. Tukapelekwa kwenye usuluhishi, na kampuni ikalegea mapema. Itajenga bwawa la zege. Itapanda matete kando ya mto yachuje maji. Itachimba visima. Italeta vifaranga vya samaki ziwa likipona. Na itatoa kifuta jasho kwa wavuvi na sisi wachuuzi.

Deal nzuri, sikatai.

Ila kulikuwa na kifungu. Kwamba kampuni inatoa hayo yote kwa ujirani mwema bila kukiri kosa lolote, na sisi hatutasema popote kuwa yenyewe ndiyo chanzo.

Nikamuuliza wakili wetu, sasa nani kaua samaki?

Akaniambia, "Kisheria, hakuna."

Kisheria hakuna! Kijijini yupo, ana mitupa nyumbani kwake. Kampuni ikisema si mimi na sisi tukasaini ndiyo si wewe, anabaki nani?

Wakili akanijibu kwamba mikataba ya suluhu yote duniani iko hivyo, na tukigoma tutakaa mahakamani mpaka tuzeeke. Najua hakunidanganya. Lakini yeye si mkwe wa mtu pale.

Sharti lilikuwa wawakilishi wote tusaini, akikosekana mmoja hakuna suluhu. Na mimi nilikuwa mwakilishi wa wachuuzi.

Zuhura akaniambia maneno machache tu. "Mume wangu, wewe ndiye unayejua. Ila ukisaini hapo, umemsainia na mama."

Upande wa pili kijiji kizima. Watoto wanaugua matumbo kwa maji yale, visima vinatakiwa jana. Nikaanza kupokea simu za vitisho. Nikakuta tairi za pikipiki zimechanwa. Kijana mmoja mvuvi akanifuata kabisa, "Bro, usituletee mambo ya ukweni kwenye riziki za watu."

Siku ikafika. Tulikaa darasani, shule ya msingi, watu wamejaa mpaka madirishani. Kampuni ilileta wakili wake, kijana wa suti, na meneja wa shamba, baba mmoja mnene wa Songea, Mngoni, anajifuta jasho muda wote.

Wenzangu wakasaini mmoja mmoja. Kalamu ikafika kwangu.

Nikasema, sisaini mpaka kifungu kile kitoke.

Weee! Darasa lililipuka. Wakili wa kampuni akafunga jalada lake taratibu, akasema basi tutaonana mahakamani. Watu wakasimama. Mmoja akanikunja shati shingoni. Nasikia sauti za kina mama, "Anatuua huyu! Anatuua na mkwewe!" Wakili wetu ananiangalia kwa macho ya kuniomba. Nawaambia ukweli, sijui kama ningeweza kuendelea kukaza.

Ndipo nikasikia hodi.

Bi Somoe huyo, kajifunga khanga zake mbili, anaingia. Aliyenishika shati akaniachia. 

Nikainamisha macho. Nikajua amekuja kulia au kulaani, na vyote viwili ningekufa navyo.

Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa meneja.

"Wewe ndiye Mngoni?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo yako siitaki! Babu zako walitujia na mikuki wakatubebea mahindi. Wewe mjukuu umeona mikuki mizito, umetujia na mavi ya kuku!"

Darasa likapasuka kwa kicheko.

Kwa vijana wa mjini msiojua: Wamwera na Wangoni ni watani. Walipigana zamani, wakaja kupatana, ukabaki utani. Mtani anakutukana msibani, anakuchukulia kuku wako, na hukasiriki. Unachotakiwa ni kumjibu. Ukishindwa kujibu umewaaibisha mpaka wa kwenu.

Wakili wa suti alimgusa meneja mkono asijibu. Lakini Mngoni atukanwe na Mmwera mbele ya kadamnasi anyamaze? Uso wa yule baba ulichanua kama kakutana na ndugu.

"Bibi, nyie Wamwera hamna shukrani! Mbolea ya bei mbaya tumewashushia bure mpaka ziwani, badala ya kulima mchicha mnakimbilia mahakamani!"

Watu wakagonga madawati kwa kucheka.

Mama mkwe peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo mliishusha."

Kicheko kikafa. Walionyamaza kwanza ni wa mbele, kisha wa nyuma, mwisho wa madirishani. Wakili wa suti keshasimama, "Meneja, usijibu!"

Meneja alimwangalia yule mama. Angeweza kutupa utani mwingine akapona, nafasi alikuwa nayo. Sijui nini kilimpata.

"Bwawa lilivunja ukingo wakati wa mvua, mama. Liliingia mtoni lote. Tukanyamaza."

Sikumsikia tena akimwita bibi.

Wakili akaanza kupiga kelele, kwamba huo ni utani, hauna nguvu kisheria, hauandikwi popote, mahakamani hautasikilizwa!

"Wala mimi sikuja kisheria, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Endeleeni na yenu."

Kisha akanigeukia. "Baba, saini. Watu wanataka maji."

Nikasaini. Niliandika haraka haraka, sahihi ile ukiniletea leo naikana.

Alipofika mlangoni akamkuta Bi Hadija kapiga magoti, analia, "Dada nisamehe, dada nisamehe." Wengine nao wakaanza kusogea, kila mtu anataka radhi. Tulitegemea atawatania, mambo yaishe kwa kucheka.

Akasema, "Radhi nimetoa, Mungu shahidi yangu. Lakini Hadija, mimi na wewe tulichezwa unyago pamoja. Umenijua maisha yako yote, na imebidi Mngoni atoke Songea ndiyo akwambie mimi si muuaji."

Akaondoka. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Wakuu, mimi nimeuza samaki muda mrefu na nimetukanwa kila namna, lakini sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo wakikosa pa kuweka macho.

Visima vimechimbwa, bwawa la zege lipo, maji yanaanza kurudi rangi yake pole pole. Yule meneja hayupo tena shambani. Nikiuliza yuko wapi naambiwa kahamishwa. Namwombea heri alipo, mtani wangu yule.

Nilichojifunza ni kwamba suluhu inaweza kusafisha maji, jina la mtu haligusi. Kosa likikosa mwenyewe kwenye karatasi, mtaani litatafutiwa mwenyewe, na litampata asiye na wakili. Kwa hiyo ukipewa mkataba wa namna hii usisome tu unapata nini. Uliza nani anabaki na lawama.

Na sisi tunaopenda kusema "nasikia fulani ndiye", tumwogope Mungu.

Wanasheria wa humu, nisaidieni: hapa nimevunja mkataba, au kusimulia utani wa watu nako ni kosa? Wangoni mnaruhusiwa kutukana, ule ukweli wa meneja umewalipia. Na aliyewahi kusaini suluhu ya hivi aweke yaliyomkuta, tusomane.

Mama mkwe sasa anakaa kwetu Mingoyo, mambo ambayo kwa mila zetu mnajua yanavyonibana. Kijijini kila kwenye shughuli wanatuma mtu kumwomba arudi. Anawakaribisha vizuri, anawapikia, wanakula, anawasindikiza mpaka barabarani. Kisha anarudi ndani.