Dole la Mama Mkubwa

Mwalimu wetu wa GS alikuwa mrefu kiasi kwamba mvua ikianza Morogoro alilowa yeye kwanza, sisi tukapata taarifa dakika tano baadaye. Alitufundisha jioni, kuanzia saa kumi na moja, katika darasa la shule ya msingi upande wa juu wa mji. Tulikuwa watu wazima tuliokunja magoti kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili: mimi fundi wa kushona viti vya magari pale Msamvu, mama lishe mmoja, mgambo wawili, na dada aliyekuja na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, naamini, kufikia mwisho wa muhula alikuwa anaijua GS kutuzidi wote.

GS, yaani General Studies, ni somo la kila kitu. Adhabu ya kifo, mimba za wanafunzi, wamachinga barabarani, yote tuliyaandikia insha kwa Kiingereza kilichochoka. Kanuni ilikuwa moja: hoja tano za kuunga mkono, hoja tano za kupinga, halafu hitimisho lisilomuudhi mtu.

"Msahihishaji humjui," mwalimu alisema. "Labda ni padri, labda ni shehe, labda ndiye aliyempa mimba huyo mwanafunzi. Andika ili wote wakupe maksi."

Nikaishika kanuni hiyo mpaka ikanishika yenyewe. Mke wangu akiuliza tupike wali au ugali, nilimpa hoja tano kwa kila upande, na watoto wakalala na njaa.

Dirisha la darasa lilitazama mlima. Jioni isiyo na wingu, jua lilipoinama, bati moja huko juu lilimeta kama mtu anayetumulika kwa kioo. Niliwaonyesha wenzangu kila mara, mpaka wakanichoka. Lilikuwa bati la mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo lile shamba la kabichi na karoti lilikuwa langu pia kwa namna fulani, ingawa nilichowahi kuvuna humo ni chai na magimbi ya kuchemsha.

Mwaka ule watu wa ofisi fulani walianza kupanda mlimani na kipimo. Walisalimia vizuri sana. Walipima kutoka kijitoni mpaka mlangoni kwa mama mkubwa, wakaandika, wakashuka bila kusema lolote. Wiki iliyofuata wakarudi, wakapima palepale, kana kwamba nyumba ingeweza kuwa imesogea. Baadaye ikasikika kwamba wanaoishi kandokando ya vijito wataondolewa ili mji upate maji. Mwenyekiti wa kitongoji akatangaza kila ukoo ulete maoni yake kwa maandishi, na kila ukurasa uwekwe dole gumba, ili mtu asije akachomeka karatasi ya uongo katikati.

Mama mkubwa akaniita. Njia ni mwendo wa saa mbili. Mimi hutumia nne, na mbili kati ya hizo huwa nimelala chali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Umekuja na karatasi?"

"Ninazo."

"Andika kwamba hatuhami. Mama yangu kalala pale nyuma ya migomba, na mama yake yuko pembeni yake. Basi."

"Ofisi haiandikiwi hivyo, mama. Wataona barua ya mtu mbishi."

"Kwani mimi si mbishi?"

"Ni mbishi. Ila barua isionyeshe."

Nikaandika. Ukurasa wa kwanza nikaweka hoja tano za kuhama, wa pili hoja tano za kubaki. Nilipanga hivyo makusudi, kwamba za mwisho ndizo zingewakaa kichwani. Hoja ya tatu ya ukurasa wa kwanza ilinipendeza hata nikamsomea mara mbili: "Wakazi wenyewe wanatambua kuwa kilimo chao cha miteremko kinapunguza maji ya kijito."

"Nani anatambua?" akauliza.

"Ni hoja tu. Ya upande wa pili."

"Huo upande wa pili hauna mtu wa kuuandikia? Mpaka na wewe uusaidie?"

"Ndivyo tunavyofundishwa. Barua lazima isimame katikati."

"Nimeuza kabichi tangu hujazaliwa. Sijaona muuzaji akisimama katikati."

Lakini mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo mzima, na yeye hakujua kusoma. Akachovya dole kwenye wino, akaligandamiza kwenye ukurasa wa kwanza, akaligandamiza na kwenye wa pili. Niliposhuka nilivuka kijito kwa kukanyaga mawe ambayo sikuwa nimewahi kuyaona. Maji yalikuwa yamepungua kweli. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba hoja yangu ya tatu ilikuwa na ushahidi.

Nakala nilimpelekea mwalimu. Akanipa kumi na nane kwa ishirini.

"Umejificha kabisa," akasema. "Nimesoma yote na sijui unataka nini."

Nilitembea mpaka nyumbani bila kugusa ardhi.

Mkutano ulifanyika Jumapili, baada ya misa, kwenye uwanja wa kanisa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mabegani mwa watu. Afisa aliyekuja alikuwa kijana mpole, aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja. Akafungua faili.

"Barua nyingi zinapinga tu," akasema. "Lakini kuna ukoo uliokaa ukafikiri."

Akasoma ukurasa wangu wa kwanza, wote, kwa sauti ya kupendeza. Alipofika kwenye "wakazi wenyewe wanatambua", alisimama kidogo, akairudia. Kisha akawageuzia watu karatasi ili waone.

"Hili dole ni la nani?"

Mama mkubwa akainuka. "Langu."

"Unalikana?"

"Dole langu silikani. Soma na ukurasa wa pili."

Afisa akapekua faili taratibu, bila haraka ya mtu anayetafuta kitu. "Niliyo nayo ni hii, mama."

Nikanyoosha mkono. Nikaeleza kuhusu hoja za kuunga na za kupinga, kuhusu msahihishaji asiyejulikana. Naamini niliongea tangu Adamu mpaka uhuru. Mzee mmoja aliyekaa mbele, jirani wa mama mkubwa, akanikatiza kwa upole.

"Mjomba, hayo tumesikia. Sasa wewe unasema tuhame au tubaki?"

Jibu lilikuwa neno moja. Watu wote walikuwa wananitazama, na mama mkubwa alikuwa bado amesimama. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Kwa upande mmoja..."

Hakuna aliyecheka. Afisa akaandika kitu kwenye faili na kulifunga.

Kuanzia siku hiyo nilipopanda mlima watu waliitikia salamu yangu wakiwa wameshanipa mgongo. Mwezi uliofuata rangi nyekundu ikaja. Alama ya X ilichorwa kwenye milango yote ya kandokando ya kijito, ila waliianzia kwa mama mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyekubali. Nyuma ya migomba makaburi yalipewa namba. Bibi yangu aliyenibeba alikuwa namba saba.

Nilimwandikia barua nyingine, safari hii ukurasa mmoja, hoja moja: hatuhami. Nilimsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Halafu akaichukua kutoka mkononi mwangu, akaigeuza, akaukagua mgongo wa karatasi kama kuna kitu kimeandikwa huko. Alipoona ni mweupe ndipo akachovya dole.

Niliipeleka ofisini mwenyewe. Yule afisa aliisoma akanirudishia.

"Ile ya kwanza ilikuwa imeiva," akasema. "Hii ina hasira. Na tangazo limeshatoka, kaka."

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Sentensi yangu ya tatu ilikuwemo, neno kwa neno. Mwisho wa kukaa ulikuwa Jumatano, na Jumatano hiyo hiyo, saa nane mchana, ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wangu wa GS.

Nilimpigia mama mkubwa simu nikamwambia naacha mtihani, napanda.

"Uje kufanya nini?" akasema. "Kunitungia hoja?"

Nikaenda kwenye mtihani. Chumba kilikuwa na dirisha la upande wa mlima. Swali la pili liliuliza kama kulinda mazingira kunapaswa kutangulia makazi ya watu. Jadili pande zote mbili. Nikaandika tano. Nikaandika tano nyingine. Mkono ulikwenda wenyewe, sikuwa na haja ya kufikiri, nilizijua kwa moyo kama Baba Yetu uliye mbinguni. Ilibaki nafasi ya hitimisho. Nikainua kichwa.

Hakukuwa na wingu hata moja. Jua lilikuwa limeinama vizuri. Mlima ulikuwa wazi kuanzia chini mpaka juu, kila mkunjo unahesabika, na pale nilipopazoea hapakumeta kitu. Nilisubiri. Msimamizi alisema zimebaki dakika kumi, kisha tano. Nilikuwa bado natazama alipokuja kuichukua karatasi.

Nilifaulu, bila hitimisho. Cheti kipo kabatini.

Mama mkubwa yuko tambarare sasa, upande wa Mikese, kwenye joto ambalo kabichi haioti, ikiota inaiva kabla ya kupikwa. Alishuka na mabati yake na mlango wake. Fundi alipoupachika mlango, mama mkubwa alimwambia augeuze, alama iwe ndani. Nikienda kumtembelea hunipa kigoda kinachotazama mlango, na tunakula.

Mwezi uliopita nilikuta nje kuna vigingi vipya viwili, vimefungwa utepe. Nikamuuliza nani kavipiga.

"Vijana," akasema. "Wana heshima sana. Wamesalimia vizuri."