Dirisha la Kiwiko

Mama yangu alijenga nyumba moja tu maishani mwake, na akaishi ndani yake akiwa amenuna. Nasema amenuna kwa sababu sijui neno jingine. Hakuwa mtu wa kulia, wala wa kupeleka shida zake kwa majirani. Alinuna tu, kuanzia siku alipokuta dirisha la mbele limepandishwa hadi siku tuliyomzika, na aliyenuniwa alikuwa fundi. Aliyestahili kununiwa ni mimi.

Ilikuwa huko Kalama, mwaka mmoja kabla ya ile mvua ya Elnino. Baba alikuwa amefariki zamani, na mama alikuwa amechoka na nyumba ya udongo aliyoachiwa, ambayo kila msimu wa mvua ilimpa kazi ya kuziba. Akaamua kujenga ya mawe, vyumba vitatu, pale juu kidogo ambapo kiwanja kinatazama njia inayoshuka kutoka barabarani. Mimi nilikuwa karani kwenye kiwanda kimoja Athi River. Nilichanga mabati. Basi kwa mabati yale nikajiona na mimi mwenye nyumba.

Fundi alitoka Machakos mjini, mtu wa familia ya Kiislamu ambayo babu zake walipanda kutoka pwani wakasahau kurudi. Kikamba alikijua kama sisi, lakini kazini alipenda Kiswahili, na mama, aliyejifunzia Kiswahili sokoni, akamjibu kwa kile chake chenye l nyingi badala ya r. Mwanzoni walipendana sana wale wawili. Mama alimwekea kikombe chake peke yake, na siku za Ijumaa alimkumbusha saa zimefika, asije akachelewa msikitini kwa sababu ya mawe yake.

Siku ya kupima, fundi alimuuliza anataka madirisha yaanzie wapi kutoka sakafuni. Mama hakutaja futi. Aliingia ndani ya nyumba ya zamani, akakaa kwenye kiti chake kifupi cha kusukia, akakunja mkono kama mtu aliyeegemea meza, na kuniambia nishike ncha ya uzi wa katani pale chini, karibu na mguu wake. Yeye akauvuta juu hadi kwenye kiwiko na kupiga fundo. Mama alikuwa msukaji wa viondo, vile vikapu vya katani. Uzi ule aliusokota mwenyewe pajani, na kitu chochote alichowahi kukipima alikipima kwa uzi. Akatoka nao nje.

"Dilisha la mbele lianzie hapa kwa fundo," alimwambia fundi. "Hayo mengine weka vile unajua."

Fundi akacheka. "Wakamba na kamba zenu. Mama, mimi niko na futi ya chuma, wewe unaniletea uzi?"

"Futi yako inajua kiwiko changu?"

Akaupima ule uzi kwa futi yake. "Hii ni futi mbili tu. Dirisha huanzia tatu na nusu, mama. Kuku wataingia."

"Wakiingia nitawatoa. Mimi nataka nikikaa na kazi yangu, nilaze mkono hapo, nione njia."

Fundi akauviringa uzi kidoleni, akautia mfukoni, akasema sawa.

Wiki chache baadaye nilikuja Jumamosi moja nikamkosa mama. Fundi aliniambia ameenda sokoni. Kumbe alikuwa hospitalini mjini kwa ajili ya magoti, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Niliikuta kadi ya kliniki miaka mingi baadaye, ndani ya Biblia yake. Kuta zilikuwa zimeinuka, na nafasi ya dirisha la mbele imeachwa wazi. Nilisimama mbele yake, na kizingiti cha chini kikanifika juu kidogo tu ya magoti. Niliwaza wenzangu wa ofisini siku watakapokuja kuiona nyumba ya kwetu. Nikaona aibu.

"Fundi, hii ni nini? Dirisha au mlango wa mbuzi?"

Akanieleza habari ya uzi, ingawa mimi ndiye niliyeshika ncha yake.

"Mama amezeeka, anaongea tu," nikamwambia. "Pandisha ilingane na zile zingine. Nitaongea naye."

"Nyumba ni ya mama, dada."

"Na mabati ni ya nani?"

Nayaandika maneno haya kama yalivyotoka. Ningependa kuyapunguza makali lakini sikuyapunguza siku ile. Fundi akafuta mwiko wake kwenye suruali. Kisha akaniuliza kama kweli nitamwambia mama, na nikasema nitamwambia leo leo. Akaita wasaidizi wake walete mawe. Mimi nilikuwa na haraka, na nikarudi Athi River kabla mama hajafika.

Aliporudi jioni alikuta safu mbili za mawe zimeongezwa, na saruji imeshashika. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na mke wa kaka yangu, anayeishi kiwanja cha pili. Mama alileta kiti chake kifupi, akakiweka mahali pa dirisha, akakaa. Alikaa muda mrefu akitazama mawe. Halafu akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kupika.

Fundi aliimaliza nyumba, kwa sababu alikuwa ameahidi, lakini kikombe chake hakikuonekana tena. Kwa Kikamba mjenzi huandikwa mwaki, na moto pia huandikwa mwaki. Tangu siku ile mama hakumwita tena fundi. Alimwita mwaki, na kwa alivyolitamka hatukujua anamaanisha yupi kati ya hao wawili. Nyumba ilipokwisha, akamshtaki kwa naibu wa chifu, na mwisho wa mwezi nilipofika akaniambia nimsindikize.

Ofisi ya naibu ilikuwa chumba kimoja chenye benchi mbili. Mama na mimi tulikaa moja, fundi akakaa nyingine, kofia yake ameipakata. Mlangoni walisimama watu waliokuja kwa mambo yao wakabaki kusikiliza letu. Naibu alikuwa mzee mpole aliyezoea kesi za mipaka, na hii ilimshangaza.

"Mama, nyumba imesimama, haina ufa. Unashtaki dirisha?"

Mama akaeleza kila kitu, uzi, fundo, kiwiko. Naibu akamgeukia fundi.

"Ulipewa huo uzi?"

"Nilipewa."

"Na ukapandisha dirisha?"

"Nilipandisha."

"Kwa nini?"

Fundi aliniangalia. Aliniangalia mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Mimi nikatazama kalenda iliyokuwa ukutani.

"Nilikosea," akasema. "Nitashusha, hata kesho."

Naibu akafurahi, akafunga daftari lake. Lakini mama hakuinuka.

"Sijauliza kama atashusha. Nimeuliza kwa nini. Safu mbili za mawe haziwezi kupanda kwa kukosea. Huyu mtu alikunywa chai yangu, akachukua uzi wangu, halafu akafanya kama mimi sijasema kitu. Aniambie ni kwa nini. Kama hawezi kuniambia, asiguse ukuta wangu. Na fundi mwingine pia asiguse."

Neno lilikuwa kinywani mwangu, kabisa, nililisikia likinigusa meno. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, watu wako mlangoni, na naibu alikuwa amenisifu tulipoingia kuwa mtoto anayejenga kwao. Nikalimeza. Nilijiambia nitamweleza mama njiani tukiwa wawili. Njiani alitembea polepole sana, mimi nimembebea kiondo chake, na tukaongea habari za mvua.

Maneno ya ofisini yalitembea. Katika sehemu zile fundi akawa mtu anayewajengea watu anavyotaka yeye, na nyumba mbili alizokuwa ameahidiwa walipewa wengine. Nilikutana naye mara moja mjini, karibu na soko. Akanisalimia, akauliza hali ya mama, akaenda zake. Sikumshukuru. Ningemshukuru ningekuwa nimekiri, na sikuwa tayari kukiri hata pale barabarani, mbele ya mtu ambaye tayari alijua.

Miguu ya mama ilikwisha taratibu. Siku za jua mke wa kaka alimtoa nje, lakini Juni na Julai baridi ya Kalama ilimrudisha ndani, akakaa chini ya dirisha lake akisuka kwa mwanga unaopita juu ya kichwa. Alichoweza kuona ni mawingu, na ncha ya mti mmoja wa mgrevilea. Nilimletea kiti kirefu kutoka mjini. Miguu ikaning'inia, ikavimba, na baada ya siku tatu akarudi kwenye kile kifupi.

Kila mwisho wa mwezi niliteremka ile njia na mizigo yangu, nikapiga hodi, nikaingia, na yeye alishtuka kidogo. Kisha alisema, kila mara, maneno yaleyale.

"Sikukuona ukija."

Nilidhani ni salamu. Wazee wana salamu zao. Nilimjibu kwa kumpa mkono na kuuliza habari za magoti.

Simu za mkononi zilipofika nikamnunulia moja, nikawa nampigia nikiwa Machakos kwamba niko karibu. Hakuipenda. Aliniambia inampa sauti yangu tu, na sauti haiwezi kumwonyesha kama nimekonda.

Nilimuuliza si mara moja kama angependa dirisha lishushwe. Jibu lake lilikuwa moja.

"Yule mwaki amekuja kusema?"

"Bado, mama."

"Basi wacha."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yangu, na haikuwa kazi ya nyundo. Sentensi moja ingetosha: mama, ni mimi. Fundi angekuja siku hiyohiyo. Nilikuwa nikiipanga sentensi ile tangu Athi River mpaka mlangoni kwake, na nilipofika niliiona mikono yake na uzi wake, nikasema mwezi ujao. Miezi ikawa miaka minane. Sijui kama alijua. Kuna siku alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida baada ya kusema "Basi wacha." Nimelifikiria sana jambo hili, na naliogopa jibu lake.

Alifariki katikati ya wiki, Julai, asubuhi, nami niko kazini. Mke wa kaka alinieleza tulipokuwa tukitandika mikeka ya wageni. Alisema zile siku za mwisho mama alikuwa akimsumbua kidogo. Kila baada ya muda alimwambia simama hapo dirishani, chungulia, kuna mtu anakuja? Naye alisimama, akachungulia, akamwambia hakuna mtu, mama.

"Alikuwa anamngoja nani?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba namtania.

Fundi alikuja mazishini. Alisimama nyuma na wenzake wawili wa mjini, akasaidia kusukuma udongo, na hakungoja chakula. Mwezi uliofuata nilimtafuta. Nilimkuta amezeeka, ndevu zimekuwa nyeupe, na nikamwambia nataka ashushe dirisha. Hakuuliza chochote. Akasema Jumamosi.

Jumamosi alifika na mkoba wake, akatoa tindo na nyundo, kisha timazi, lile pande la chuma ambalo mafundi hulining'iniza kujua kama ukuta umenyooka. Nikamwambia kwa haya kwamba sina kipimo, labda tukisie futi mbili.

"Kipimo kipo," akasema.

Akalifungua lile pande la chuma kutoka kwenye kamba yake, na kamba ilikuwa uzi wa katani, mweusi kwa saruji na jasho, una fundo moja. Miaka yote ile alikuwa akinyoosha nyumba za watu kwa uzi wa mama.

"Haukatiki huu," akasema. "Nilitaka kuurudisha. Lakini ningerudisha vipi, na mama hataki nikanyage hapa?"

"Ungemwambia ukweli kule kwa naibu. Mimi nilikuwa nimekaa palepale."

"Ulikuwa umekaa palepale, dada. Mimi sigombanishi mtu na mamake. Nilikungoja wewe."

Aliweka ncha ya uzi sakafuni, akauvuta juu ya plasta, akachora mstari kwenye fundo. Alifanya kazi hadi alasiri. Mawe ya safu mbili aliyatoa moja moja, akayapanga nje kwa utaratibu. Alipomaliza akatoka kunawa kwenye tangi, na mimi nikaleta kiti kifupi.

Nilikaa. Nikakunja mkono, na kiwiko kikalala chenyewe juu ya jiwe. Mbele yangu njia ilikuwa wazi yote, kutoka barabarani, kupita kona ya mikatani, kupita pale ambapo nilikuwa nikitua mizigo kupumzika, mpaka getini. Mtu angeonekana robo saa nzima kabla ya kufika. Mama angekuwa na robo saa nzima ya kunitazama, kila mwezi.

Fundi aliuliza kutoka nje, akijipangusa mikono, kama urefu uko sawa.

"Uko sawa," nikasema.

"Unaona njia?"

"Naiona yote. Hakuna mtu."